Mgeni wa Paris aruhusiwa kwa simu, kijana wa Garissa ateremshwa basini

Mfaransa anayetaka kuja Kenya siku hizi hana haja ya kukanyaga ubalozini. Anakaa kwenye kochi lake Paris au Lyon, anafungua tovuti ya serikali yetu, etakenya.go.ke, anapiga picha ukurasa wa pasipoti, anajipiga selfi, anaandika ataingia lini, atalala wapi na atarudi lini kwao. Analipa dola 30 kwa kadi, kama Sh3,900 hivi. Anaambiwa asubiri siku tatu. Ruhusa inamfikia kwa njia ya mtandao, anaihifadhi kwenye simu, basi. Kilichobaki ni safari ndefu ya ndege, zaidi ya kilomita 6,000, saa nane hivi hewani hadi JKIA.

Sasa mchukue kijana wa miaka 19 wa Bula Iftin, mjini Garissa, anayekwenda Nairobi kutafuta kibarua. Safari yake ni kilomita 370 hivi, lami tupu, kupitia Mwingi na Thika. Hatoki nchi moja kwenda nyingine. Hahitaji viza wala ruhusa ya mtandaoni. Lakini basi likifika kizuizini, utasikia amri ileile: shukeni, pangeni foleni, toeni vitambulisho. Asiye nacho ana kesi. Aliye nacho naye anageuzwageuzwa kana kwamba kadi ile ameiokota njiani. Na kabla ya kufika hapo, huenda alisota miezi mingi kuipata kadi yenyewe.

Sisi hatuna ugomvi na Mfaransa. Aje, ale nyama ya ngamia akipenda, atumie pesa zake hapa. Ugomvi wetu ni na serikali inayoweza kumwamini mtu asiyemjua, aliye bara jingine, kwa kutazama picha na namba ya pasipoti, huku ikishindwa kumwamini raia aliyezaliwa katika hospitali yake na kusoma katika shule zake. Teknolojia ipo. Imani ndiyo haipo.

RUHUSA ISIYOITWA VIZA

Turudi nyuma kidogo ili tuelewane. Mnamo Desemba 12, 2023, katika Sikukuu ya Jamhuri, Rais William Ruto alitangaza kwamba kuanzia Januari 2024 hakuna mtu atakayehitaji viza kuingia Kenya. Watu walishangilia. Kisha yakaja maelezo: viza imeondolewa, ila kila msafiri aombe kibali cha kielektroniki kabla ya kupanda ndege, hata mtoto akiwa mbebwa, na akilipie. Wachache tu ndio waliosamehewa, wakiwemo raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hicho ndicho kibali kinachoitwa eTA.

Kwa Mfaransa ilikuwa afueni. Zamani alilipa dola 50 kwa viza, sasa analipa dola 30. Tena mambo haya si mageni kwake. Akienda Marekani anaomba kibali cha ESTA. Akivuka bahari kwenda London, tangu Aprili 2025 naye anaomba kibali cha Waingereza. Na Umoja wa Ulaya wenyewe unaandaa chake, ETIAS, kwa wageni ambao hawahitaji viza. Dunia nzima imehamia huko: mpaka hauanzii tena uwanja wa ndege, unaanzia kwenye simu ya msafiri.

Walioumia mwanzoni ni Waafrika wenzetu. Raia wa nchi kama Malawi na Zambia, waliokuwa wakiingia Kenya bila viza, ghafla walijikuta wakiomba kibali na kulipa. Kelele zikapigwa, na kelele zile zikasikika. Januari 2025 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba Waafrika karibu wote waingie bila kuomba kibali kabla ya safari. Mbili tu ziliachwa nje kwa sababu za usalama: Libya na Somalia.

Hapo ndipo habari hii inapogusa Kaskazini Mashariki. Somalia ilijiunga rasmi na Jumuiya ya Afrika Mashariki Machi 2024. Kwenye karatasi ni ndugu zetu wa nyumba moja, kama Uganda na Tanzania. Mlangoni ni wageni wa kuchunguzwa. Mpaka wa nchi kavu nao ulifungwa 2011. Serikali ikatangaza 2023 kwamba itaufungua kwa awamu, Liboi ikiwemo, kisha ikaahirisha baada ya mashambulizi. Kwa miaka mingi, ndege zilizotoka Mogadishu zililazimika kutua Wajir kwanza abiria wakaguliwe kabla ya kuendelea Nairobi. Yaani shangazi wa Kismayu anayetaka kuja arusini Garissa ana safari ngumu kuliko mtalii wa Marseille anayekuja kutazama nyumbu Maasai Mara.

Je, tunasema Somalia ifunguliwe kiholela? La. Tunasema jambo dogo zaidi: kama kuna masharti, yatajwe. Mwombaji wa Somalia aambiwe anatakiwa kuleta nini, atasubiri siku ngapi, na akikataliwa aelezwe sababu. Mfaransa anapewa hayo yote kwenye ukurasa wa kwanza wa tovuti.

NENO 'RUHUSA' LINA HISTORIA HUKU

Kijana wa Nairobi akisikia neno kibali cha kusafiri, anawazia ndege na picha za kupandisha Instagram. Mzee wa Garissa akisikia neno hilohilo, anakumbuka mambo mengine.

Mwaka 1902 Waingereza walitunga sheria ya wilaya za pembezoni, iliyowapa uwezo wa kuamua nani aingie na nani atoke bila leseni maalumu. Mwaka 1926 eneo lote la kaskazini, lililoitwa NFD, likatangazwa wilaya iliyofungwa. Ukitaka kupita, uwe na pasi. Huku Mombasa na Kisumu zikipata reli, bandari na shule, kaskazini ilipata kituo cha polisi na mtu wa kukuuliza unakwenda wapi.

Uhuru ulipokuja, pasi haikuondoka, ilibadilisha jina tu. Hali ya hatari ilitangazwa Desemba 1963 wakati wa vita vya Shifta, na ingawa vita vilikwisha 1967, sheria zile za dharura ziliendelea hadi 1991. Fikiria hilo: mtu aliyezaliwa Garissa mwaka wa uhuru alifikisha miaka 28 bila kuishi chini ya sheria ya kawaida kama Mkenya wa Nyeri. Katika miaka hiyo yakatokea ya Bula Kartasi hapo Garissa, Novemba 1980, na ya Wagalla, Wajir, Februari 1984. Waliopoteza watu wao bado wako hai na bado wanasimulia.

Mwaka 1989 serikali iliagiza Wakenya wenye asili ya Kisomali wapigwe msasa upya na kubeba kadi ya ziada, ya rangi ya waridi, pamoja na kitambulisho. Mkenya mwingine kadi moja, wewe mbili. Na kama unadhani hayo ni ya enzi za babu, kumbuka Aprili 2014. Msako wa Usalama Watch uliingia Isili usiku, maelfu wakakamatwa, wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani kuthibitisha kwamba wao ni Wakenya au wana hati halali. Uwanja tunaoenda kushangilia Harambee Stars uligeuzwa chumba cha kukagua vitambulisho.

Hii ndiyo sababu hatuwezi kulizungumzia suala la vibali vya wageni bila kuuliza kuhusu vibali vya wenyeji. Nchi iliyotumia zaidi ya miaka 100 kuwaomba watu wa kaskazini wathibitishe kuwa wao ni wa hapa, haiwezi kujisifu kwa urahisi wa kumkaribisha mgeni hadi imalize deni la nyumbani. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni tayari anakuja. Mwenyeji bado yuko foleni.

HOJA YA USALAMA, TUIKABILI

Kuna msomaji atatuambia: nyinyi mnaongea tu, mnasahau yaliyotokea. Hatujasahau. Oktoba 1, 2011, Mfaransa Marie Dedieu, mwanamke mwenye ulemavu aliyeipenda Kenya akahamia kisiwa cha Manda, Lamu, alitekwa nyumbani kwake, akavushwa Somalia, na akafia mikononi mwa watekaji. Siku chache baadaye, wafanyakazi wawili Wahispania wa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka walitekwa Dadaab, kaunti hii ya Garissa. Katikati ya mwezi huohuo jeshi letu likaingia Somalia. Na Aprili 2, 2015, magaidi wa Al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri, wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi wa rika letu. Hakuna kijana Mkenya anayepaswa kuichukulia tarehe hiyo kwa mzaha.

Kwa hivyo ndiyo, ukaguzi unahitajika. Swali ni ukaguzi wa aina gani unaomkamata mhalifu. Mmoja wa washambuliaji wa Garissa alitambuliwa na serikali kuwa Mkenya, mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mwana wa chifu kutoka Mandera. Hakuna kizuizi ambacho kingemshika kwa kukosa karatasi. Mtu aliyekuwa karibu zaidi kuizuia hatari ile alikuwa baba yake, kwa maana alikuwa ameripoti kwamba mwanawe ametoweka. Hebu tafakari: habari muhimu haikutoka kwenye foleni ya basi, ilitoka kwa raia aliyeiamini serikali kiasi cha kumripoti mtoto wake mwenyewe.

Imani kama hiyo haipatikani kwa vitisho. Ukimteremsha kijana basini mara 20 kwa mwaka kwa sababu ya sura yake, mara ya 21 akiona jambo la ajabu mtaani atanyamaza. Atasema, hawa niliwaambia mimi ni Mkenya hawakuniamini, nikiwaambia hili wataniamini?

Na kama tunataka mfano wa usalama unaotoka kwa wananchi, tunao, tena ndani ya basi. Desemba 21, 2015, Al-Shabaab walisimamisha basi karibu na El Wak, Mandera, wakawataka abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Mwaka mmoja kabla, Novemba 2014, abiria 28 walikuwa wameuawa katika basi lililotoka Mandera baada ya kutengwa namna hiyo. Safari hii abiria walikataa. Waislamu waliwapa wenzao hijabu wajifunike, wakawaambia magaidi wawaue wote au waondoke. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo, akafariki Januari 2016, na akapewa nishani ya taifa. Filamu fupi ya Watu Wote, ya 2017, ilitokana na kisa hicho na ikateuliwa kuwania tuzo ya Oscar.

Abiria wale walielewa jambo ambalo maafisa wetu wengi hawajalielewa hadi leo: hatari huanza pale watu wa basi moja wanapogawanywa kwa sura, dini au jina. Gaidi akifanya hivyo tunalaani. Afisa akifanya hivyo kila wiki tunaita utaratibu.

TANGAZO LA WAJIR LISIOZE KABATINI

Habari njema ipo. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais Ruto alitia saini tangazo la kuondoa msasa wa ziada kwa vijana wa kaunti za mipakani wanaoomba kitambulisho. Kabla ya hapo, kijana wa Garissa, Wajir au Mandera aliyefikisha miaka 18 alipelekwa mbele ya kamati ya machifu, wazee na maafisa wa usalama, akaulizwa hati za wazazi, wakati mwingine hata za babu. Kijana wa Murang'a alipeleka cheti cha kuzaliwa na nakala za vitambulisho vya wazazi, akaenda zake.

Wapo waliopinga tangazo hilo, wakihofia wageni watapenya. Hofu yao tunaisikia. Ila tuwaulize: kama mtu ana cheti cha kuzaliwa cha Kenya, matokeo ya KCSE na alama za vidole, kamati ya wazee inaongeza nini isipokuwa nafasi ya mtu kudai kitu kidogo? Mlango wa hongo ndio mlango ambao mhalifu mwenye pesa hupitia. Maskini mwenye haki ndiye hubaki nje.

Na tusidanganyane, karatasi hiyo moja ndiyo maisha. Bila kitambulisho husajili laini ya simu kwa jina lako, hupati M-Pesa yako, hufungui akaunti ya benki, huombi mkopo wa HELB, huajiriwi, na huingii jengo la ofisi Nairobi kuulizia kazi. Mwaka 2027 hutapiga kura. Pasipoti ndiyo usisahau kabisa. Kuna pia wale maelfu walioandikishwa kama wakimbizi Dadaab wakiwa watoto, wakati wa njaa, ili familia ipate mgao wa chakula na matibabu. Ni Wakenya, lakini alama za vidole zao zilinasa kwenye orodha ya wakimbizi, na wengi wamekua watu wazima bila kitambulisho. Mashine ilikumbuka kosa la njaa, ikasahau uraia.

Kwa hivyo tangazo la Wajir lisiwe hotuba ya kushangiliwa uwanjani tu. Wizara ya Usalama wa Ndani itangaze kila baada ya miezi mitatu, kaunti kwa kaunti, ni wangapi wameomba, wangapi wamepata na wamesubiri siku ngapi. Serikali inajua dakika ambayo ombi la mtalii wa Ufaransa limefika na saa ambayo limejibiwa. Ombi la kijana wa Masalani nalo lifuatwe vivyo hivyo.

PARIS KWENDA NAIROBI, NAIROBI KWENDA PARIS

Hebu pia tugeuze safari. Kijana huyo wa Garissa, akishapata kitambulisho na pasipoti, siku moja aalikwe kwenye mafunzo Ufaransa. Je, atabonyeza simu? Thubutu. Ataomba viza ya Schengen, aende mwenyewe kuchukuliwa alama za vidole, apeleke taarifa za benki, barua ya mwajiri, bima ya matibabu ya angalau yuro 30,000, na alipe yuro 90, ada iliyopandishwa Juni 2024. Hiyo ni zaidi ya Sh12,000, na akikataliwa hairudi. Mwenzake wa Paris alilipa theluthi moja hivi ya pesa hizo na hakuondoka kwenye kochi.

Kila nchi ina haki ya kulinda mlango wake. Lakini tunapofungua mlango wetu kwa urahisi namna hii, tuwe na ujasiri wa kuomba kitu mezani. Serikali iwadai Wafaransa na Ulaya kwa jumla walau urahisi kwa wanafunzi, wasanii na wafanyabiashara vijana, na ada irudishwe sehemu mtu akikataliwa. Tukinyamaza, hatutapewa.

MTALII ATAFIKA GARISSA?

Swali la mwisho ni la mfukoni. Hizo dola 30 na pesa za hoteli, zinafika kaskazini? Kwa sasa ni vigumu. Kibali cha eTA kinamruhusu Mfaransa kuingia Kenya yote, lakini serikali yake inamwonya asikaribie mpaka wa Somalia. Kampuni za bima huufuata ushauri huo, na wapangaji wa safari hufuata bima. Matokeo yake mtalii anaishia Mara, Amboseli na Diani.

Huku nyuma Garissa ina utajiri ambao vijana wengi wa Nairobi hawaujui. Kule Ijara, jamii ya wenyeji ilijitengea ardhi ya Ishaqbini kumlinda hirola, swala aliye hatarini kutoweka kabisa. Waliobaki duniani hawafiki 500, na makao yao ni ukanda huu wa Kenya na Somalia. Mwaka 2012 walijenga uzio na kuwaweka hirola 48 ndani ili wazaane salama. Ni hapohapo twiga weupe walipojulikana duniani, na dunia ikahuzunika Machi 2020 jike na ndama wake walipopatikana wameuawa na majangili. Karibu na mji wa Garissa kuna hifadhi ya jamii ya twiga, na wafugaji wamezoea kuchunga mbuzi wao twiga wakipita. Kuna mto Tana, kuna soko la mifugo ambalo ni miongoni mwa makubwa zaidi eneo hili lote la Afrika, kuna Suq Mugdi, na kuna kina mama wanaosafirisha maziwa ya ngamia hadi Isili kila siku.

Mgeni wa kwanza wa kuvutia huko asiwe Mfaransa. Awe wewe unayesoma hapa ukiwa Umoja, Nyali au Kondele. Mkenya akianza kuzuru Garissa kama anavyozuru Naivasha, akapiga picha, akalala hotelini, akala nyirinyiri na kurudi salama, ushauri wa balozi za kigeni utaanza kuonekana umepitwa na wakati. Hatusemi ujitumbukize hatarini. Maeneo ya karibu kabisa na mpaka bado si ya kuchezewa, na wenyeji watakuwa wa kwanza kukwambia. Tunasema Garissa mjini si Liboi, na hofu isiyo na mipaka imetunyima nusu ya nchi yetu.

Serikali nayo itenge sehemu ya mapato ya vibali vya wageni kwa hifadhi za jamii na mafunzo ya waongoza watalii katika kaunti zilizosahaulika, na hesabu yake iwekwe wazi. Kijana wa Ijara anayemjua hirola tangu utotoni ana elimu ambayo mtalii yuko tayari kuilipia. Akifundishwa Kifaransa kidogo juu ya Kisomali, Kiswahili na Kiingereza chake, huyo ni mtu wa lugha nne.

TUNACHODAI

Katiba ya 2010 haikuweka nyota pembeni ya kaunti yoyote. Kifungu cha 12 kinasema kila raia anastahili pasipoti na hati za utambulisho. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi. Kifungu cha 39 kinampa kila raia haki ya kwenda, kukaa na kuishi popote Kenya. Hakuna mahali imeandikwa "isipokuwa aliyetoka ng'ambo ya Tana".

Tunadai vizuizi vya barabara ya Garissa viwe na utaratibu unaofanana na ule wa uwanja wa ndege: kila abiria akaguliwe kwa namna moja, kitambulisho kithibitishwe kwa mashine, na muda usivutwe. Kama mfumo wetu unaweza kusoma pasipoti iliyopigwa picha Lyon, unaweza kusoma kitambulisho kilichotolewa Garissa. Afisa anayemshikilia mtu aandike jina lake, sababu na saa. Anayetaka chai ya bure aripotiwe.

Kwenu vijana wenzetu wa kaskazini: ukitimiza miaka 18, usisubiri uchaguzi ukaribie. Nenda ofisi ya usajili sasa, hifadhi nakala ya kila karatasi, andika tarehe uliyoomba, na ukizungushwa, peleka malalamiko kwa maandishi. Mwenye rekodi ni vigumu kuambiwa faili lake limepotea. Na nyinyi wa saiba mnaosaidia ndugu wa ughaibuni kuomba eTA, tumieni tovuti ya serikali yenyewe. Zipo tovuti za madalali zinazofanana nayo na kumtoza mtu zaidi.

Kwenu mlioko ndani ya basi na hamjawahi kuguswa na foleni ile: jirani yako akiteremshwa peke yake, uliza kwa nini. Uliza kwa adabu, lakini uliza. Abiria wa El Wak waliuliza mbele ya bunduki. Wewe unauliza mbele ya mtumishi anayelipwa kwa kodi yako.